Jina la Leso na Jina la Faili

Kabla sijasema lolote, hebu kila mmoja wenu mwenye kompyuta aifungue, atafute faili lililoitwa "mwisho". Ukilikuta moja, wewe ni mtu wa kawaida. Ukikuta matatu, sogea ukae karibu nami, nina mengi ya kukwambia. Na ukikuta "mwisho", "mwisho kweli" na "mwisho wallahi", basi wewe ni mwanangu hata kama hatujawahi kuonana.

Mimi nimestaafu. Duka la michoro pale Ukunda nimemwachia mshirika wangu, Mutua, nami nimerudi Msambweni kumwagilia mchicha na kuwasumbua watu kwa simu. Wateja waliniita Mama Faili, na mwanzoni nilichukia, maana mtu umechora alama za hoteli, fulana za watalii, kadi za harusi na leso za nusu ya wilaya, halafu unaitwa kwa jina la kabati. Siku hizi nalipenda. Mkono wa kuchora wengi wanao. Wenye kuupata mchoro wao wenyewe mwaka mmoja baadaye ni wachache mno, na hao ndio wateja huwarudia.

Nitawaeleza nilivyojifunza kupanga mafaili. Nitawaeleza pia siku mpangilio wangu mzuri, ule niliojivunia kila mahali, ulipokaribia kuwatenganisha madada wawili waliokuwa ndiyo kwanza wanapatana. Hiyo nitaifikia. Msinikimbize.

Aliyenifundisha hakuwahi kushika kompyuta. Alikuwa Fundi Bakari, mchoraji wa mabango hapa Msambweni, mtu mfupi mwenye rangi kwenye kucha siku zote, hata siku ya Idi. Alikata herufi na maua kwenye karatasi ngumu, akaziweka juu ya ubao na kupaka rangi. Karatasi hizo alizitundika kwenye misumari ukutani, na nyuma ya kila moja aliandika kwa penseli: ya nani, siku gani, na kwa nini imekatwa. Nakumbuka moja iliyosema, "Samaki wa Salim, kabla hajasema mkia mdogo." Msumari huohuo ulikuwa na nyingine, "Samaki wa Salim, mkia mdogo." Na ya tatu, "Salim amerudi kwenye mkia mkubwa, tazama ya kwanza."

Nilicheka nilipoziona. Nikamwuliza, "Fundi, takataka zote hizi za nini?"

"Mteja akikataa mchoro usiutupe," akanijibu bila kuinua kichwa. "Ameukataa leo tu."

Nilidhani ni ubahili wa karatasi. Kisha nikanunua kompyuta yangu ya kwanza, nikajiona nimemwacha Fundi Bakari mbali sana, na hoteli moja ya Diani ikaniletea kazi ya kuchora kasa kwa ajili ya fulana zao.

Meneja alimpenda kasa wangu. Tukachapa fulana moja ya majaribio. Halafu akataka kasa atabasamu. Nikamtabasamisha, nikahifadhi palepale, juu ya yule wa kwanza. Akataka apunguze kutabasamu. Akataka miwani ya jua. Akataka miwani itoke lakini macho yabaki kama ya mtu aliyevaa miwani, na mpaka leo sijui alikuwa na maana gani. Kila mara nilibadilisha, nikahifadhi juu ya lilelile faili moja. Baada ya mara kumi na nne akaegemea kiti akasema, "Unajua, tumrudie tu yule wa kwanza."

Yule wa kwanza alikuwa ameshakufa, nami ndiye niliyemwua.

Nilikumbuka ile fulana ya majaribio. Nikauliza, nikaambiwa amepewa bawabu. Nikaenda getini, nikamwamkia vizuri, kisha nikamwomba avue ile fulana. Mzee wa watu alinitazama kama nimepungukiwa. Nilipomweleza alicheka hadi akashika lango, akaenda kubadilisha, akanipa fulana imelowa jasho la zamu nzima. Niliitandaza mezani, nikaipiga picha, nikamfuata kasa wangu mstari kwa mstari kwa siku mbili, huku nikinusa adhabu yangu. Hapo ndipo nilipomwelewa Fundi Bakari na misumari yake.

Tangu hapo sikuhifadhi tena kitu juu ya kitu. Kila badiliko lilipata faili lake. Lakini nikaanguka kwenye shimo la pili, lile lenu la "mwisho". Mutua alipojiunga nami dukani, jambo la kwanza aliloliona kwenye kompyuta yangu ni kadi ya harusi ya watu wa Bodo. Ilikuwa na "mwisho", "mwisho kweli", "mwisho wallahi" na "mwisho wallahi tena".

Mutua ni mtu wa Ukambani. Alikuja pwani kufanya kazi hotelini, akajifunza kompyuta kwenye ofisi ya nyuma, akaja kwangu akiwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Ni Mkristo, lakini kuapa anakujua. Akakuna kidevu.

"Mama, hapa umeapa, na bado ukabadilisha," akasema. "Hii si dhambi kwenu?"

Nilikaa chini siku hiyohiyo nikatunga utaratibu, na nauandika hapa kwa sababu bado unafaa. Tarehe hutangulia: mwaka, mwezi, halafu siku. Kompyuta husoma kuanzia kushoto, kwa hiyo ukianza na mwaka mafaili yanajipanga yenyewe. Ukianza na siku, kazi ya tarehe mbili Januari inakaa karibu na ya tarehe mbili Desemba na wewe unabaki kuzurura katikati. Baada ya tarehe, mwenye kazi. Kisha kitu chenyewe, kisha namba. Neno "mwisho" nililipiga marufuku dukani, nikaliandika kwenye karatasi juu ya mlango na kulipiga mstari mwekundu, na wateja wakadhani ni mambo ya uganga.

Na jinsi nilivyokuwa mkali kuhusu majina! "Jina!" nilikuwa nikipiga kelele kila Mutua alipofungua mchoro mpya. "Jina kwanza, rangi baadaye! Umebadilisha jina?" Alikuwa mwanafunzi mwema. Baada ya miezi michache alitaja majina ya mafaili hata akiwa anakula. Nilijisifu kwa wenzangu kwamba nimemfundisha neno hilo mpaka limemwingia kwenye mifupa, na kwa kweli lilikuwa limeingia.

Sasa, leso. Kwa nyinyi mlioletwa huku na kazi juzijuzi, leso, ambayo wengine huiita kanga, ina sehemu tatu. Kuna pindo linalozunguka pande zote. Kuna mji, yaani uwanja wa katikati. Na kuna jina, ndiyo yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji, ambayo mwanamke huyachagua kwa makini kuliko anavyochagua viatu, kwa sababu kuna mtu fulani anayetakiwa kuyasoma. Mtu wa pwani akikuuliza "leso hii jina lake nani?" anataka umsomee maneno. Hakuna anayetufundisha hili. Tunazaliwa nalo, na ndiyo maana halikunipitia akilini kwamba kuna mtu asiyelijua.

Kwenye kompyuta nilichora kila sehemu kwenye tabaka lake: pindo peke yake, mji peke yake, jina peke yake. Hivyo mteja akibadili mawazo juu ya maua, maneno hayaguswi. Kazi za leso zilikuwa zangu. Mutua alishika fulana na menyu za hoteli.

Ndipo akaja Bi Mwanakombo, jirani wa mamangu hapa Msambweni, aliyekuwa anamwoza binti yake. Alitaka doti sitini, yaani jozi sitini za leso, sare ya wanawake wote wa harusini. Pindo jekundu, mji wenye maua ya mkorosho, na jina: ULIYENISUSA NJOO UONE.

"Andika kubwa, mwanangu," akaniambia. "Mtu asome akiwa ng'ambo ya barabara."

Sikuuliza ni mtu gani, maana Msambweni nzima ilimjua. Ni dadake mkubwa, Bi Rukia, aliyeolewa Kikoneni. Walikuwa hawajasemezana miaka saba kwa neno lililosemwa siku ya arobaini ya mama yao. Ni neno gani, kila mmoja wao alikuwa na toleo lake, na hakuna aliyekuwa ameweka tarehe. Mimi nilichora, nikaandika kubwa, nikasubiri siku ya kutuma kazi kwa wachapaji Mombasa.

Siku ya kutuma nilikuwa Lunga Lunga, nimesimama juu ya ngazi nikifunga bango la watu wa forodha na mizigo. Simu ikalia. Ni Bi Mwanakombo, analia na kucheka kwa pamoja.

"Rukia amenipigia! Miaka saba! Ameniambia, Mwanakombo, mwana wako ni mwanangu, nakuja harusini. Sasa badilisha jina la leso upesi, nakuomba kwa jina la Mungu. Andika DADA KARIBU, KWETU NI KWAKO. Akiliona lile la kwanza atageukia mlangoni palepale, na safari hii ni mpaka mmoja wetu azikwe."

Nikashuka ngazi, nikamwandikia Mutua ujumbe: "Badilisha jina la leso ya Bi Mwanakombo, liwe DADA KARIBU KWETU NI KWAKO. Kisha nitumie nione." Baada ya dakika chache faili likaja kwenye simu. Mtandao wa mpakani ulikuwa wa kusuasua, picha ikagoma kufunguka. Lakini jina la faili lilionekana wazi: tarehe, mwanakombo, leso, dada-karibu-kwetu-ni-kwako. Tarehe mahali pake, mwenye kazi mahali pake. Nilifurahi jinsi lilivyopangika.

"Mashallah," nikamjibu. "Tuma."

Robota la leso lilifika dukani siku moja kabla ya harusi, asubuhi. Mutua alilikata kamba kwa fahari, akakunjua leso ya kwanza na kuishikilia kwa mikono miwili kama bendera. Rangi zilikuwa zimetoka vizuri ajabu. Chini ya mji, kwa herufi ambazo mtu angezisoma akiwa ng'ambo ya barabara, palikuwa pameandikwa ULIYENISUSA NJOO UONE.

Nilitafuta kiti kwa mkono, nikakaa.

"Mutua, nilikwambia nini?"

"Ulisema nibadilishe jina la leso ya Bi Mwanakombo."

"Na ukabadilisha?"

"Eeh, nilibadilisha siku hiyohiyo. Cheki." Akafungua kompyuta, akanionyesha faili kwa kidole. "Si hili? Nilishangaa kweli, nikasema jina refu hivi, lakini nikajua Mama anapenda majina marefu."

Nilitaka kumkasirikia nikakosa pa kuanzia. Miezi yote ile nilimfundisha kwamba jina ni jina la faili. Nikamwambia abadilishe jina, akabadilisha jina. Nikamwonyesha maneno kwenye kitambaa, nikamweleza jina la leso ni lipi.

"Aki Mama, hayo ndiyo jina? Sasa si ungesema tu maandishi?"

Hapo nikacheka, na machozi yakanitoka, na sijui yalikuwa ya kicheko tu au ya woga pia. Maana Bi Rukia alikuwa anakuja kesho, na sisi tulikuwa na doti sitini za kumfukuza.

Najua mnataka nifike Msambweni. Ngojeni kwanza mpate mlichokuja kukitafuta, kwa sababu mkishasikia mwisho wa kisa hamtasoma kanuni.

Usiidhinishe kazi kwa kusoma jina la faili. Fungua, tazama kwa macho yako, na kama mtandao hauna nguvu, panda gari urudi. Jina zuri juu ya kazi mbovu ni baya kuliko kazi mbovu isiyo na jina, kwa sababu linakupa usingizi. Weka daftari, na kila mteja akibadili kitu andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha andika kando umeelewa nini, mwenzako asome aone kama ameelewa hivyohivyo. Nasi dukani tuliamua tangu siku ile kwamba faili halina tena jina. Lina lebo. Jina tumeiachia leso.

Na kitu kimoja zaidi: weka nakala mahali patatu. Moja kwenye kompyuta ya kazi, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni, na moja kwenye diski iliyo mbali na bahari. Chumvi ya Diani hula vyuma polepole, na diski zangu mbili zimekufa kwa kutu nikiwa nazitazama. Haya, twende.

Kwa kuwa jina lilikuwa kwenye tabaka lake peke yake, nilipata dawa haraka. Nilichomoa tabaka hilo, nikaandika maneno mapya kwa kipimo kilekile, tukachapa utepe mmoja na kuubandika juu ya leso moja kwa ile mashine ya joto ya fulana. Ulikaa vizuri. Ukigusa unahisi ugumu kidogo, lakini unasomeka. Tulihesabu kwamba tukianza mchana ule tungemaliza zote kabla ya harusi. Ila sikutaka kubandika kitu juu ya leso za watu bila mwenyewe kujua. Tukapakia robota kwenye gari, na ile ya mfano nikaiweka ndani ya mkoba. Nilimwambia Mutua abaki, akakataa.

"Jina nilibadilisha mimi," akasema. "Nitajitetea mwenyewe."

Uani kwa Bi Mwanakombo wanawake walikuwa wanachagua mchele. Nilitoa salamu, zikaitikiwa, na nikamwona mama mmoja mnene mkekani, uso ni wa Bi Mwanakombo mtupu, umeongezwa miaka kumi. Bi Rukia alikuwa amekuja siku moja mapema.

"Shikamoo, Bi Rukia," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Leso hizo!" Bi Mwanakombo alisharukia robota. "Dada, njoo uone leso ya mwana wetu."

"Bi Mwanakombo, ngoja kidogo, nina neno nawe."

"Neno baadaye!"

Alivuta ya juu, akaikunjua kwa furaha, mgongo wa leso kwake, maneno kwa dadake. Yeye mwenyewe hakuyaona. Bi Rukia hakuwa na miwani. Alisogea, akasoma silabi kwa silabi, kwa sauti, mbele ya wanawake wote.

"U-li-ye-ni-su-sa. Njo-o. U-o-ne."

Mikono yote ikasimama juu ya sinia. Bi Mwanakombo aligeuza leso, akasoma, akashika mdomo.

"Mama, ni mimi," Mutua akaanza. "Niliambiwa nibadilishe jina, mimi nikabadilisha la faili."

"Ni mimi," nikamkata. "Mimi ndiye niliyesema tuma bila kutazama. Na tunaweza kurekebisha zote leo, nimekuja na mfano."

Bi Rukia aliinua mkono tukanyamaza. Hakututazama sisi. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

"Leso hii iliandikiwa nani, Mwanakombo?"

Angeweza kusingizia. Angeweza kusema ni makosa ya duka, nasi tungeyabeba yote, nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kuyabeba.

"Wewe," Bi Mwanakombo akasema. "Nilikuandikia wewe, dada. Nilikuwa na uchungu. Halafu ukapiga simu, nikawaambia wabadilishe."

Bi Rukia alichukua ile leso mkononi mwake. Alilitazama pindo, akautazama mji, akapitisha kidole polepole juu ya maneno. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta njia ya kumsimamisha mlangoni.

"Ni kweli nilisusa," akasema. "Na sasa nimekuja. Haya, nionyesheni huyo bibi harusi."

Wa kwanza kucheka alikuwa mwanamke mmoja kule nyuma, kisha wote, kisha vigelegele vikapasuka uani, na Mutua akanikumbatia bila kuomba ruhusa. Nikatoa ile ya mfano kwenye mkoba, yenye utepe wa DADA KARIBU, nikaanza kueleza habari za mashine na joto.

"Mwanangu, usiziguse," Bi Rukia akanikatiza. "Leso imeniita, nami nimeitika. Ukibadilisha, watu watajuaje kwamba nimekuja?"

Akajifunga moja kiunoni, nyingine akajitanda mabegani, maneno yakiwa nje ayasome kila mtu. Kisha akaingia jikoni, jiko ambalo hakulikanyaga miaka saba, akauliza mbuzi ya kukunia nazi iko wapi. Bi Mwanakombo aliileta mwenyewe, akaifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake. Bi Rukia akakaa, akanyoosha mkono bila kutazama nyuma, na mdogo wake akampa nusu ya nazi ya kwanza.